Nne Niliyoitoa Mimi

Mke wangu alinisomea uhakiki wangu mwenyewe Jumanne asubuhi, amesimama jikoni, simu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili.

“‘Picha zitachakaa,’” alisoma. “‘Mashine itatupwa. Lakini mtu aliyekaa ubavuni mwako, anayekupigia kelele ugeuze tochi, huyo hachakai. Gemu hii itatuzika sote.’ Alama tisa kwa kumi. Mwandishi ni wewe. Tarehe, miaka ishirini na moja iliyopita.” Akazima jiko. “Hongera, baba. Kumbe unajua kuandika.”

Nilimpokonya simu. Jina langu lilikuwa pale juu, na picha yangu ya enzi nilipokuwa na nywele. Chini yake maneno ambayo sikuyaandika na alama ambayo sikuitoa.

“Mimi niliipa nne,” nilisema.

“Najua uliipa nne. Nilikuwepo.”

“Na haya maneno ni ya...”

“Najua ni ya nani,” alisema, akaenda kuoga.

Hakugombana. Hilo ndilo lililonipandisha damu. Mwanamke anayeweza kuzozana na muuza nyanya robo saa nzima kwa sababu ya nyanya moja iliyobonyea, siku wanayomwibia maneno yake anachukua taulo na kwenda kuoga.

Ngoja nieleze, maana wapo waliozaliwa juzi wanaodhani habari za gemu zilianza na tovuti. Tulikuwa na jarida. Kurasa sitini na nne kila mwezi, karatasi inayonuka wino wiki nzima. Tulikuwa watu wanane ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na tulikuwa na sheria mbili zilizobandikwa mlangoni na mhariri wetu, mzee mkavu tuliyemwita Prufu. Ya kwanza: gemu isiyomalizwa haipewi alama. Ya pili: mhakiki anacheza peke yake, mlango umefungwa kwa ufunguo, mpaka alama iandikwe ubaoni kwa chaki. Hakuna wa kuchungulia. Hakuna “wewe unaionaje.” Hakuna mtu wa kampuni kukuletea chai na maneno matamu.

Mimi sikusomea uandishi popote. Niliingia pale kubeba mabunda ya karatasi, nikajifunza kuandika kwa kusoma makosa ya wenzangu yaliyozungushiwa wino mwekundu. Kwa hiyo sheria zile nilizishika kuliko waliokuwa na vyeti. Nikiingia chumba cha mhakiki, hata mkojo ulikuwa unasubiri.

Ndipo ikaja Tochi Moja. Gemu ndogo, iliyotengenezwa na kaka na dada yake nyumbani kwao, ikafika kwenye bahasha isiyo na hata barua. Watoto wawili wamepotea pangoni. Mmoja anatembea, mwingine anamulika. Skrini yote ni giza isipokuwa pale tochi inapoelekezwa. Nilijifungia. Nilimtembeza mtoto, na tochi ikashikwa na mashine, na mashine ikamulika inapotaka yenyewe: dari, ukuta, nyuma. Nilianguka mashimoni mara mia tatu na kitu. Nikaimaliza lakini, kwa saa kumi na tisa, kwa sababu sheria ni sheria. Nikatoka macho mekundu, nikaandika nne ubaoni, na kichwa cha habari nikakiweka: “Kipofu Anayeongozwa na Mlevi.” Wenzangu walicheka. Nilijiona bingwa.

Aliyekuwa akipanga kurasa zetu alikuwa msichana mmoja mwenye penseli sikioni na rula ya chuma mkononi, mpimaji wa safu. Ndiye huyu mke wangu. Wakati huo hatukuwa hata marafiki. Kazi yake mojawapo ilikuwa kupata picha za gemu, na zama zile picha tulizipiga kwa kamera mbele ya televisheni, mapazia yamefungwa. Sasa mtu hawezi kushika kamera na padi, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, kwa wakati mmoja. Alimwita mama aliyekuwa akisafisha ofisi amshikie. Mama yule, ambaye hajawahi kugusa padi maishani mwake, akabonyeza kitufe asichokijua. Yakatokea maandishi: wachezaji wawili.

Tulisikia kelele kupitia ukutani. “Geuza! Geuza kwangu! Mama, utaniua!” “Tulia wewe mtoto, nakuona!” Walicheka mpaka Prufu akapiga mlango. Chakula cha mchana kilipita hawakula. Halafu msichana yule akaja mezani kwangu, mbele ya watu wote.

“Umeicheza peke yako,” aliniambia.

“Sheria ndiyo hiyo.”

“Basi hujaicheza.”

“Nimeimaliza. Saa kumi na tisa.”

“Umemaliza kitu kingine. Hii ni ya watu wawili. Mama wa usafi ameniongoza pangoni kama aliyenizaa. Ibadilishe kabla haijaenda kiwandani, ukurasa bado ninao.”

Ningeweza kusema, ngoja nijaribu. Maneno mawili tu. Badala yake nikasema, na nilisema kwa sauti ili wale wengine wasikie: “Mimi ndiye mhakiki. Wewe ni rula. Pima nafasi, maneno tuachie sisi.”

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Toka siku hiyo akaitwa Rula mpaka tulipofunga milango. Watu huniuliza ilikuwaje akakubali kuolewa na mimi miaka miwili baadaye. Muulizeni yeye, mimi nikimuuliza ananiambia niangalie kama mlango umefungwa.

Mwezi uliofuata, ukurasa wa barua, ikatoka barua isiyo na jina ikiisifu Tochi Moja. Ndiyo hiyo ya “mtu aliyekaa ubavuni mwako.” Barua za wasomaji huwa zinakatwa, nyingine zinabaki mkia tu. Ile ilijaa nafasi yake mpaka mstari wa mwisho, hakuna neno lililopunguzwa. Hakuna msomaji anayeweza kufanya hivyo. Nikajua ni nani. Nikajua pia kwamba ana haki. Na nikanyamaza.

Masahihisho yalikuwa na mahali pake, ukurasa wa tatu, chini kushoto. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Miezi ikapita, tukaoana, tukazaa, jarida likafa, nami sikuwahi kuandika mistari ile mitatu.

Na gemu? Gemu haikufa. Hilo nalo linanikera, kwa sababu nimeona magemu ya kampuni kubwa, yenye mabango barabarani na milipuko ya kutikisa madirisha, yamepewa kumi na kila mtu, na leo hakuna anayekumbuka hata jina la shujaa wake. Ukiyawasha sasa, yale tuliyoyaita maajabu yanaonekana kama vinyago vya udongo. Lakini nenda kwa kinyozi wetu. Ana mashine ya zamani imefungwa gundi pembeni, na wateja wanaosubiri zamu wanacheza Tochi Moja. Fundi viatu na mwalimu wa hesabu. Baba na binti yake waliokuja wamenuniana, wanaondoka wanatukanana kwa furaha. Giza halizeeki. Kumtegemea mtu anayekosea hakuzeeki. Gemu haijali mashine yako ina nguvu gani, inataka kujua kama utamwamini huyo aliye pembeni. Haya si yangu. Ni yake, niliyasoma katika barua yake nikajifanya sijaelewa.

Sasa tovuti. Jarida lilipokufa, jina lake lilinunuliwa na watu ambao sijawahi kuwaona sura, wakafungua tovuti, na wakamweka mkuu wa kuiendesha mtoto wa marehemu kaka yangu. Kijana aliyekulia nyumbani kwangu. Padi ya kwanza aliishika mkononi mwangu. Mimi ananiita baba mdogo, mke wangu anamwita mama mdogo, na nilipoambiwa kapata kazi ile niliringa mtaa mzima.

Jumatano nikaenda ofisini kwake. Ghorofa ya tisa, kioo kila mahali, vijana ishirini wamevaa visikilizio kama marubani. Ukutani kuna ubao wa umeme unaoonyesha ni kichwa gani cha habari kinabofywa zaidi. Kisipobofywa kwa nusu saa kinabadilishwa. Habari ni ileile, kichwa kipya. Niliona kijana mmoja anaandika uhakiki wa gemu iliyotoka asubuhi ile.

“Umeimaliza?” nilimuuliza.

“Hatumalizi, mzee. Ukimaliza umechelewa.”

Mtoto wa kaka yangu akatoka chumbani kwake mikono imefunguliwa. “Baba mdogo! Umeiona? Nimekusafisha!”

“Nilikuwa mchafu?”

“Sikiliza. Tochi Moja inatoka upya Ijumaa, picha mpya, sauti mpya. Dunia nzima inaipenda. Halafu watu wakachimba ghala letu la zamani, wakakuta wewe umeipa nne. Walikuwa wanakucheka, baba mdogo. Wanatengeneza vikaragosi vyako.”

“Wacheke. Nilikosea.”

“Sasa kwa nini ukae na kosa wakati linafutika?” Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonyesha kitufe cha lifti. “Toleo la mwezi uliofuata lilikuwa na barua nzuri. Nimeichukua, nimeiweka pale, nimetia tisa. Hakuna aliyeumia.”

“Barua ile ni ya nani?”

“Haina jina. Ni ya msomaji. Na wasomaji ni wetu.”

“Ni ya mama yako mdogo.”

Nilimwona anapiga hesabu, na haikuwa hesabu ya aibu. Macho yakamng’aa. “Basi imebaki nyumbani! Maneno ya mke, jina la mume. Kuna ubaya gani?”

Nilimwambia mambo ambayo siyaandiki, maana mama yake yu hai na anasoma. Vijana ishirini walivua visikilizio. Nilimwambia hivi, na hili nalirudia hapa: nne yangu ilikuwa kosa lakini ilikuwa ya kweli. Nilikaa saa kumi na tisa nikasema nilichokiona, na yeyote aliyetaka kunipinga alikuwa na karatasi ya kunishika nayo shati. Tisa yenu ni alama sahihi na ni uongo mtupu. Hakuna aliyecheza, hakuna aliyepima, mmeona upepo unakoelekea mkaibandika tarehe ya zamani. Kosa lililochapwa linakaa rafuni linakutazama. Kosa lenu ninyi linaamka asubuhi limekuwa ushindi.

“Umemaliza?” aliuliza.

“Rudisha nne. Chini yake weka barua, useme nani kaiandika.”

“Siwezi. Waliotengeneza hii mpya wametuchagua sisi kuionyesha mubashara kwa sababu ya tisa ile. Lakini njoo Ijumaa, baba mdogo. Ucheze na mimi mbele ya kamera. Useme lolote la moyoni.”

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba naenda. Alikuwa anakunja nguo kitandani.

“Unakwenda kufanya nini?”

“Kukuombea haki yako.”

“Usiniletee haki kama vile ni zawadi,” alisema. “Mimi uliniita rula mbele za watu. Samahani umeshaniambia humu ndani, tena mara nyingi, ukiwa na homa na ukiwa huna. Samahani ya chumbani sina pa kuiweka. Yale maneno ni kitu pekee nilichowahi kuchapisha maishani. Nimekaa miaka ishirini na moja nikijua yapo, yamekaa peke yake, hayana jina lakini hayana jina la mtu mwingine pia. Sasa yana lako. Ukienda, kayasemee hayo. Usipoyasema, usinielezee ulikuwa wapi.”

Ijumaa nikaketi kwenye kochi jekundu mbele ya kamera tatu na ukuta wa plastiki uliochorwa matofali. Mtoto wa kaka yangu pembeni yangu. Yeye akashika tochi, mimi nikatembea. Sijui niseme nini: ilikuwa mara yangu ya kwanza kuicheza gemu ile na mtu. Watu huko nje wanacheza toka shule, mimi niliyeihukumu sijawahi. Tuliingia pangoni, akanimulikia shimo la kwanza, nikaruka. La pili. Nikajikuta nacheka, na hasira yangu haikupungua hata kidogo.

“Wapendwa watazamaji,” alisema, “huyu ni baba yangu mdogo, mhakiki wa kwanza kuona ukubwa wa gemu hii. Alama tisa, wakati hakuna mwingine aliyeijali!”

Niliweka padi chini. Mtoto wa pangoni akasimama, akaanguka.

“Si kweli,” nilisema kwenye kamera yenye taa nyekundu. “Niliipa nne. Niliicheza peke yangu kwa kiburi. Aliyeona ukubwa wake ni mpanga kurasa wetu, akaniambia mapema, nami nikamdhalilisha mbele ya ofisi nzima nikamwita rula. Maneno mnayoyasoma kwenye tovuti hii ni yake, yameibiwa yakapachikwa kwangu. Ni mke wangu. Naomba radhi kwake hapa mbele yenu, na naomba...”

Nilizungumza dakika mbili nzima. Taa nyekundu haikuzimika. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anatabasamu tu, na mimi, mjinga, nikadhani kaguswa. Nilishuka ghorofa zote tisa kwa miguu, kifua kimejaa.

Mke wangu alikuwa sebuleni, simu imeegeshwa kwenye kikombe.

“Umesikia?” nilimuuliza.

“Nimeona mdomo,” alisema. “Ulivyoweka padi chini, sauti ikakatika. Wakaweka muziki. Ulikuwa unapunga mikono na vinanda vinalia nyuma. Watu wakaandika kwenye maoni, ‘Mzee anaimba?’ Mwingine akasema, ‘Anatuombea dua.’ Kisha likaingia tangazo la soda.”

Kumbe matangazo yao ya mubashara hayako mubashara. Yanacheleweshwa sekunde kumi, na kuna mtu kazi yake ni kusikiliza sekunde hizo kumi kabla yenu. Sisi kwetu mtu wa namna hiyo aliitwa mhariri na alikuwa anajulikana jina, unaweza kumfuata mezani kwake. Huyu hata sikumwona.

Kesho yake mchana mtoto wa kaka yangu akaja nyumbani. Akaketi kiti kilekile alichokuwa akifanyia mazoezi ya shule, mwisho wa meza.

“Mama mdogo, nimekuja tuyamalize.”

“Hayajaanza. Kaa vizuri, kiti hicho kinayumba.”

“Nimepata njia. Jina la baba mdogo linatoka, la kwako linaingia. Tisa inabaki, tarehe inabaki. ‘Mhakiki wetu wa kwanza mwanamke.’ Watu wataipenda mno.”

Nilikiri moyoni kwamba si mbaya. Nilimtazama mke wangu nikitarajia kumwona amelegea.

“Nilikuwa mhakiki wenu lini?” aliuliza.

“Ni namna ya kusema tu, mama mdogo.”

“Nilikuwa napanga kurasa. Barua niliiandika kwa sababu mlango wa wanaoandika ulikuwa umefungwa. Ukiniweka mle ndani leo, ukatia na tarehe ya siku zile, utakuwa umesema mlango ulikuwa wazi. Haukuwa wazi. Muulize huyu, ndiye alikuwa kauegemea.”

Kijana alinitazama mimi, akamrudia yeye.

“Basi unataka nini?”

“Weka nne yake na jina lake. Chini yake weka barua, kama ilivyotoka, kwamba kaiandika mpanga kurasa. Hakuna zaidi.”

“Nikirudisha nne, Jumatatu sina kazi.”

“Nimekuelewa,” alisema, bila ukali. “Basi futa.”

“Nifute nini?”

“Ukurasa wote. Nne, tisa, barua, picha ya huyu na nywele zake. Hapa hapa, nione.”

Akatoa simu. Alibonyeza mara tatu. Niliona mabega yake yanashuka kwa nafuu, na nusura nimrushie kikombe. Akatuonyesha: ukurasa huu haupatikani. Akambusu mama yake mdogo shavuni, akaondoka na kipande cha mkate mkononi kama alivyokuwa akifanya akiwa darasa la tano.

Nilimgeukia mke wangu. “Miaka ishirini na moja! Umemwachia afute ushahidi!”

“Ushahidi wa nini? Wa uongo wake?” Alikuwa anapangusa meza. “Cha kwangu kilichapwa. Kiko chini ya magodoro ya watu, kwenye maboksi, kinaliwa na mende. Kile hakifuti mtu. Alichofuta ni cha kwake. Wewe ndiye ambaye bado hujaandika chako.”

Kwa hiyo naandika. Nimeomba nafasi kwenye karatasi, kwa sababu nataka mtu akikasirika aweze kunikunja na kunirudishia. Yafuatayo ni masahihisho, yamechelewa miaka ishirini na moja: Tochi Moja niliipa nne. Nilicheza peke yangu gemu ya watu wawili. Aliyeiona sawasawa ni mpanga kurasa, nami nilimcheka kwa sababu alikuwa mpanga kurasa. Vijana wa ghorofa ya tisa hawamalizi gemu. Mimi niliimaliza na sikuiona. Sijui kipi kibaya zaidi, lakini cha kwangu nakitia saini.

Jana nilimpa mke wangu aisome hii kabla haijatoka. Aliisoma akiwa amesimama, mpaka mwisho, kisha akarudi nyuma akaweka kidole kwenye aya moja.

“Hapa umeandika kwamba nimekusamehe.”

“Ndiyo.”

“Sijasema hivyo mimi. Toa.”

Nimetoa.